Ihanda: Tambi za Ugenini na Chupa Tusiyoigeuza

Barabara itokayo Bukoba kwenda Karagwe hupita kwanza katika migomba na mibuni hadi Kyaka. Hapo njia iendayo mpakani Mutukula hushika upande wake, na ile ya Karagwe hushika wake, ikaanza kupanda na kushuka vilima kuelekea Bugene na Kayanga. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimeshika, na ukungu ulikuwa haujanyanyuka mabondeni tulipopita. Tulikuwa watu watatu wa kamati ya msikiti: imamu, mhazini, na katibu, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya.

Mhazini wetu ni mzaliwa wa Ihanda, kata mojawapo ya wilaya ya Karagwe. Mama yake, ambaye sote twamwita Bibi, alikuwa ametutumia salamu kwamba mjukuu wake amerejea kutoka Ujerumani baada ya miaka sita, naye angependa isomwe dua ya shukrani nyumbani kwake. Mwaliko wa dua haukataliwi, sembuse wa Bibi. Tukafunga safari ya siku tatu.

Tunaandika habari hizi katika kurasa za familia kwa sababu yaliyotupata huko yalitokea jikoni, na kosa lililotendeka lilikuwa letu.

Nchi ya kupokea wageni

Ihanda si mahali pa kuelezwa kwa majengo. Ni vilima vilivyovikwa migomba, na ndani ya migomba zimo nyumba ambazo mgeni hazioni mpaka aone moshi wa jiko ukipenya majanini. Chini ya migomba mna mibuni, na chini ya mibuni mna maharage. Shamba moja, mavuno matatu. Njiani tulisimama mara mbili kuwapisha ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu kama mikono inayoomba dua, nao walivuka barabara bila kutujali.

Msomaji wa pwani huenda akadhani Karagwe ni pembe ya nchi isiyofikiwa na watu. Historia inasema vingine. Katika karne ya 19, misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka pwani kupitia Tabora ilipita hapa kwenda Buganda. Kule Kafuro palikuwa na kituo chao cha biashara, na Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta hapo mfanyabiashara wa Kiarabu, Ahmed bin Ibrahim, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiishi na kufanya biashara katika nchi hizi. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1861, Speke na Grant walipokewa na Mfalme Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Kisha wakaja Wajerumani, ambao Emin Pasha aliwajengea kituo Bukoba mwaka 1890, wakakaa mpaka walipoondolewa na Waingereza mwaka 1916. Karagwe hiyo ya kale sasa imegawanyika. Mwaka 2012 ilizaa wilaya ya Kyerwa. Lakini desturi ya kupokea wageni haikugawanyika. Nguo, shanga na waya wa shaba viliingia hapa, na pembe za ndovu zikatoka. Dini yetu nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo, mgongoni mwa misafara, pamoja na wapishi wake na sufuria zao.

Hata chakula tunachokiita cha asili kina safari yake. Ndizi zilizaliwa Asia ya Kusini-Mashariki, zikafika Afrika zamani mno. Maharage yametoka bara la Amerika. Sinia la ndizi na maharage, ambalo mtu wa Kagera huliapia kuwa ndilo lake tangu Adamu, ni mkutano wa wageni wawili waliovuka bahari mbili. Laiti tungaliyakumbuka hayo usiku ule wa kwanza.

Usiku wa kwanza

Tulipokewa kwa maziwa na kwa maneno mazuri. Mjukuu wa Bibi, kijana wa kike wa miaka ishirini na kitu, mwenye hijabu ya kijivu na sauti ya chini, alituamkia mmoja mmoja, akamwita mhazini “Mjomba” na imamu “Shehe”. Tukaambiwa kuwa anafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunza wazee, katika mji wa Düsseldorf ulio kando ya mto Rhine.

Tulisali Maghrib pamoja pale sebuleni, wanaume mbele na wanawake nyuma. Tulipotoa salamu na kumaliza adhkari, yule binti akaenda jikoni. Haikupita nusu saa akarudi na karai linalofuka moshi. Ndani yake mlikuwa na vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vinavyong'aa kwa rangi ya kahawia, kabichi iliyokatwa nyuzinyuzi, karoti, na tambi fupi nene zisizolingana, kama zilizokatwa na mtoto. Harufu ya tangawizi na kitunguu saumu ikajaa chumba. Kando ya karai aliweka chupa ndogo nyeusi yenye kifuniko chekundu na maandishi ya Kijapani, akasema, “Hii ni sosi ya soya, kwa atakayependa kuongeza.”

Imamu akaitazama ile chupa, kisha akamtazama katibu. “Wewe ndiye uliyekaa chuoni,” akasema kwa upole.

Hapo ndipo tulipokosea. Swali lilikuwa mbele yetu na mwenye majibu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka tulipoketi. Sisi hatukuuliza. Tulijikweza katika kiti cha elimu tukatamka kwamba penye shaka kuacha ni salama zaidi, tukanyoosha mikono kwenye sinia la ndizi. Mhazini naye akafuata, na imamu akafuata.

Binti akasema, “Sawa, Shehe,” akainama kulichukua karai. Lakini Bibi akamzuia. Akajipakulia sahani, akala kwa utulivu mpaka mwisho, bila neno. Alipomaliza akanawa, akamtazama katibu, akasema: “Mwanangu, huyu mtoto amesali nyuma yenu sasa hivi. Mmemwamini kwenye mswala, mkamwogopa kwenye karai?”

Hakuna aliyejibu. Mvua ikaanza kupiga mabati, tukashukuru kwa kelele zake.

Chupa ilipogeuzwa

Asubuhi ya Jumapili dua ilisomwa, majirani wakaja, kahawa ikanyweka. Watu walipotawanyika, imamu alimwita binti akaketi mbele yetu, naye mhazini akamwambia, “Mwanangu, tueleze kuhusu chakula chako, maana jana hatukukuuliza.”

Akaileta chupa, akaigeuza. Nyuma palikuwa na karatasi yenye maelezo kwa Kijerumani, na pembeni mwa karatasi hiyo nembo ya halali. Sisi usiku tuliutazama uso wake tu.

Akatufafanulia kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kuwaeleza wagonjwa. Sosi ya soya hutengenezwa kwa maharage ya soya, ngano, chumvi na maji, vikaachwa vichachuke kwa miezi. Katika kuchachuka huko hutokea kileo kidogo chenyewe, na vipo viwanda vinavyoongeza kingine ili sosi isiharibike. Kwa hiyo wanazuoni huitazama kwa makini, na kwa hiyo yeye hanunui ila yenye nembo. Katika upishi wa Kijapani, nyama ya namna hii hutiwa pia mirin, nayo ni kimiminika kitamu cha mchele chenye kileo cha kiasi cha asilimia 14. Hiyo haigusi, badala yake hutia asali. Siki ya divai ya Wajerumani ameibadilisha kwa ndimu.

“Kule, Mjomba,” akasema, “mtu huwezi kununua hata peremende bila kusoma. Jelatini hutoka kwa nguruwe. Supu ya paketi huwa na mafuta yake. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasimama dukani na kamusi mkononi, watu wananipita. Siku nyingine nilirudi nyumbani na mayai na viazi tu.”

Bibi aliyekuwa akichambua maharage akatikisa kichwa. “Kumbe ni kama maji ya ndizi,” akasema. “Leo ni kinywaji cha watoto. Ukiyatia mtama yakalala, ni rubisi.” Katika sentensi hiyo moja mlikuwa na somo ambalo chuoni tulilisoma kwa muhula mzima.

Tumeitafakari sana hali hiyo. Sisi wa Bukoba tunanunua nyama kwa mchinjaji tumjuaye, tunakaa jirani na msikiti, na adhana hutukuta popote tulipo. Halali kwetu huja yenyewe hadi mlangoni. Yule binti aliitafuta kila siku kwa miaka sita, peke yake, kwa lugha asiyozaliwa nayo. Nasi, ambao hatukuwahi kusumbuka hata siku moja, ndio tuliomhukumu.

Ipo hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir inayoeleza kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yapo yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui. Tulikuwa tumeihifadhi. Tulichokisahau ni kwamba wengi kutojua maana yake ni kuwa wapo wachache wanaojua, na kwamba asiyejua ameamrishwa kuwauliza wajuao. Shaka ya mtu aliyeuliza akakosa jibu ni uchaji. Shaka ya mtu asiyeuliza ni uvivu uliovaa kanzu.

Senene wa chuoni

Imamu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alitukumbusha kisa ambacho sisi wenyewe tulimsimulia zamani. Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha Kiislamu huko pwani, sisi vijana wachache wa Kagera tulitumiwa kopo la senene kutoka nyumbani, waliokaangwa wakakauka, msimu kama huu wa Novemba. Tuliwakaribisha wenzetu kwa furaha. Mmoja akaruka nyuma, mwingine akatamka neno “haramu” kabla kopo halijafunuka vizuri. Tuliufunga mfuniko, na muhula ule hatukulitoa tena kopo hilo mbele ya watu. Tulikula usiku, kama wezi.

Mwalimu wetu wa fikihi alipopata habari, darasani alitusomea mambo mawili. La kwanza ni hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ibn Umar juu ya wafu wawili waliohalalishwa, samaki na nzige; akatuambia mwenye kulijadili suala la senene aanzie hapo. La pili ni kisa cha dhabu, yule mjusi mkubwa wa jangwani, aliyeandaliwa mbele ya Mtume (s.a.w.) nyumbani kwa Bibi Maimuna. Mtume aliuzuia mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu, alieleza kuwa sivyo, ila mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid bin Walid akamvuta akamla, na Mtume anatazama.

Mwalimu alituuliza: mmeona alivyotenganisha? Kisichozoeleka ni jambo moja, kilichoharamishwa ni jambo jingine. Mwenye kutopenda na aache, lakini asiipe chuki ya ulimi wake jina la sheria.

Siku ile tulitoka darasani tumeinua vichwa, kwa kuwa hukumu ilikuwa upande wetu. Pale Ihanda, miaka kumi na zaidi baadaye, kopo la senene lilikuwa mikononi mwa mwingine, nasi ndio tulioruka nyuma. Tulimwomba radhi mbele ya Bibi na mjomba wake. Akasema hakuna neno. Kisha, baada ya kimya kidogo, akasema kama tunataka kweli, leo tupike pamoja.

Dukani na jikoni

Alasiri tuliongozana naye hadi dukani kununua unga wa ngano na mayai. Wakati muuzaji akipima, binti alisimama mbele ya rafu akitazama vipande vya mchuzi vya kutia kwenye mboga na tambi za haraka za paketi zilizoandikwa kuwa zina ladha ya nyama. Akachukua paketi moja, akaigeuza. Nasi tukachukua nyingine, tukaigeuza. Msomaji, ilikuwa mara yetu ya kwanza. Vitu hivyo vimo katika majiko yetu sote, na wake zetu hutia kipande kimoja katika kila sufuria ya maharage. Baadhi ya paketi zilikuwa na nembo ya halali, baadhi hazikuwa nayo, na maandishi ya viambato yalikuwa madogo kama chawa. Mhazini alitoa miwani yake, akasoma moja kimya, akairudisha rafuni polepole. Binti hakusema neno. Heshima yake ilikuwa kubwa kuliko haki yake.

Nyama ilitoka bucha ya jirani, steki ya ng'ombe wa Ankole aliyechinjwa asubuhi. Ng'ombe huyo ametembea maisha yake yote, na nyama yake ina nguvu. Ndiyo maana huku kwetu huchemshwa saa mbili na ndizi. Binti akatuonyesha njia nyingine: unatazama nyuzi za nyama zinakolala, kisha unakata kwa kuzikingama, vipande vyembamba kama gamba la chungwa. Nyuzi zikiwa fupi, meno hayana kazi. Imamu alipewa kisu, naye akakata kwa uangalifu wa mtu anayekokotoa mirathi.

Akikoroga rojo la tambi alitusimulia asili yake. Tambi hizo fupi huitwa Spätzle, nazo ni chakula cha Wajerumani wa kusini. Alifundishwa na bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa akimwuguza, ambaye mikono yake ilikuwa haiwezi tena kushika kisu, kwa hiyo alifundisha kwa mdomo tu, kutoka kitandani. Namna ya kuipika nyama alifundishwa na jirani yake wa Kijapani. Düsseldorf ina Wajapani wengi. Makampuni yao yalianza kuweka ofisi humo katika miaka ya 1950, wakafuatwa na maduka na migahawa, hasa katika mtaa wa Immermannstraße. Chakula cha mabibi wawili wasioonana kikakutana katika karai la Mnyambo Mwislamu.

Nasi tukachangia tulilolijua. Hao Wajapani ambao leo dunia inawasifu kwa nyama ya ng'ombe, kwa zaidi ya miaka elfu moja wengi wao waliiepuka, kwa athari ya dini ya Kibudha na kwa amri za watawala wao. Ni mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa kuwa Mfalme Meiji ameila, na watu wakafuata. Bibi alishangaa: watu gani hao wanaokaa miaka elfu bila ng'ombe? Kwa mtu wa Karagwe, nchi ambayo hata mfalme wake alihifadhi ng'ombe wa chuma miongoni mwa vitu vya enzi yake, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha kuliko chupa yoyote.

Kazi ya kukwangua tambi aliachiwa katibu. Rojo humwagwa kidogo juu ya kibao cha chapati kilicholoweshwa, kibao huegemezwa kwenye ukingo wa sufuria ya maji yanayochemka, kisha kwa kisu unakwangua ukanda mwembamba baada ya ukanda, ukiuangusha majini. Za kwanza zilikuwa nene kama vidole, za pili zikaungana zikawa donge. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Za tatu zilikuwa tambi.

Mapishi yenyewe

Kwa msomaji atakayependa kujaribu, haya ndiyo mahitaji ya watu sita. Kwa tambi: unga wa ngano nusu kilo, mayai matano, maji robo lita, chumvi kijiko kimoja cha chai. Kwa nyama: steki nusu kilo, sosi ya soya yenye nembo ya halali vijiko vinne vya chakula, asali kijiko kimoja, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, punje nne za kitunguu saumu, vitunguu maji viwili, karoti mbili, robo ya kabichi, pilipili hoho moja, mafuta ya kupikia na ndimu moja.

Anza na nyama. Ikate vipande vyembamba, ichanganye na sosi, asali, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, uiache. Usitie chumvi, kwani sosi ina yake ya kutosha. Kisha changanya unga, mayai, maji na chumvi, upige kwa mwiko mpaka rojo litoe mapovu. Liwe zito kuliko la chapati za maji, lenye kudondoka polepole likijivuta. Lipumzishe dakika kumi, na katika dakika hizo kata mboga zote, maana moto ukishawaka hutapata nafasi.

Kwangua tambi katika maji ya chumvi yanayochemka. Zikielea juu zimeiva. Ziopoe, zichuje, uzipake mafuta kidogo zisishikane. Pasha karai juu ya mkaa uliokolea hasa, tia mafuta, ukaange nyama kwa mafungu mawili, dakika mbili au tatu kila fungu. Ukiitia yote pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Itoe, kaanga vitunguu, karoti, hoho na kabichi kwa dakika tatu zikiwa bado na ukakamavu, rudisha nyama, tia tambi, geuza mara chache, kamulia ndimu, epua. Aliyezoea mkono wake hutumia nusu saa. Sisi tulitumia saa nzima na kucheka kwingi.

Asiyeipata sosi yenye nembo asihangaike. Binti alitupikia kidogo bila sosi, kwa chumvi, asali na ndimu tu. Ladha ilikuwa tofauti, na wote tulimaliza.

Usiku wa pili

Tulikula sote katika sinia moja, wanaume upande huu, Bibi na mjukuu wake upande ule. Kwa Bibi tambi ni chakula cha Ramadhani, cha kupikwa kwa sukari na iliki. Alisema akiwaambia majirani kuwa amekula tambi za nyama watadhani umri umemzidi. Imamu aliongeza mara mbili. Tulimaliza na bado ulibaki muda wa kukaa kabla ya Isha, jambo ambalo kwa ndizi na nyama ya kuchemsha halingewezekana. Tulizungumza. Binti alitueleza kuhusu chumba wanachokodi kwa ajili ya Swala ya Ijumaa, kuhusu Ramadhani za kiangazi ambapo mchana huwa mrefu mno, kuhusu bibi yule wa Kijerumani aliyefariki akiwa amemshika mkono. Habari hizo zote alikuwa nazo usiku wa kwanza pia. Alikuja nazo pamoja na karai, nasi tulivirudisha vyote kwa neno moja.

Msikitini kwetu, wageni huja kila mwezi: vijana waliotoka masomoni Uturuki na Sudan, akina mama waliorudi kutoka kazi za Uarabuni, watoto wa ndugu zetu waliozaliwa Ulaya. Huja na mavazi yao, matamshi yao na sufuria zao. Tumezoea kuwauliza wamefika lini na wataondoka lini. Katika kikao cha kamati kilichofuata tuliomba jambo liandikwe katika kumbukumbu, nalo likakubaliwa: mgeni akileta kitu tusichokijua, kwanza aulizwe, tena kwa faragha na kwa adabu, kabla mtu yeyote hajakitolea kauli hadharani. Na katibu ndiye aliyetajwa kwanza kubanwa na sheria hiyo.

Jumatatu asubuhi Bibi alitufungia mkungu wa ndizi na debe la maharage mabichi. Binti alikuwa bado ana wiki mbili. Ile chupa nyeusi tuliiona juu ya rafu ya jikoni, kati ya chumvi na kopo la samli, ikiwa imegeuzwa, nembo yake ikitazama mlangoni. Hatukuuliza ni nani aliyeigeuza.

Wabillahi tawfiq.